Tindo la Kwanza: Ushauri kwa Anayeanza Kazi za Chuma Nyumbani

Mtu akishajitengea kibanda nyuma ya nyumba kwa ajili ya kazi za chuma, kitu cha kwanza anachokikimbilia dukani ni mashine ya kuchomelea. Si ajabu. Cheche zinaonekana, kiti cha bustani kinasimama jioni hiyohiyo, na majirani wanaanza kuleta mageti yao. Lakini kwa mtu anayefanya kazi hii kwa kupenda, jioni na Jumamosi, mashine hiyo ni mwalimu mbaya. Inasamehe mno. Ukikata upande, unajaza mwanya kwa fimbo. Kona isipokaa mraba, unaivuta na kuishikiza. Mwishoni unapiga rangi na mambo yamekwisha. Miezi inapita na mkono haujui kitu kipya.

Ushauri wangu ni kwamba fedha za mwanzo ziende kwenye jiliwa, tupa na moto mdogo wa mkaa, na kazi ya kwanza iwe tindo, ile patasi fupi ya kukatia chuma. Ndani ya tindo moja zimo karibu kazi zote za msingi: kuchagua chuma, kukilainisha, kukifua, kukipiga tupa, kukitia ugumu na kukipunguzia ukavu. Tena halina pa kujifichia. Litakapogonga chuma kingine, makali yake yatapinda, yatameguka au yatakata, nawe utajua umefanya nini bila kumuuliza mtu.

Tuanze na chuma chenyewe. Mabomba ya mraba, vyuma vya kona, flatibaa na misumari hutengenezwa kwa chuma laini chenye kaboni kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 0.25. Ni chuma kizuri: kinapinda, kinachomeleka, kinatoboka bila ubishi. Ila hakishiki ugumu. Utakipasha mpaka kiwe chekundu, utakichovya majini mara kumi, na bado tupa itakila. Nondo nayo inadanganya wengi, kwa sababu nyingi huyeyushwa kutokana na vyuma chakavu vya kila namna, na huwezi kujua kipande ulichopata kina nini ndani. Tindo la nondo linatosha kubomolea plasta. Kwa kukatia chuma, liache.

Unachokitaka ni springi ya gari. Kwa kawaida springi huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.5 hadi 0.65, pamoja na kiasi kidogo cha manganisi, kromiamu au silikoni. Kiasi hicho kinatosha kukifanya chuma kishike ugumu, na si kingi cha kukifanya kiwe kikavu mno. Napendelea springi ya mzunguko kuliko ya bapa, yenye unene wa milimita 12 hadi 16, kwa sababu ukishainyoosha una fimbo ya duara inayokaa vizuri mkononi na haihitaji kuchanwa kwa urefu. Gereji za mtaani hubadilisha springi mara kwa mara na zilizovunjika huuzwa kwa kilo. Nunua iliyokwisha kufunguliwa. Ile iliyobanwa bado kwenye shokamzoba usiiguse kwa msumeno wala kwa grinda, maana nguvu iliyomo ndani yake inaweza kuua. Na kama springi ilivunjika barabarani, usikate kipande chako karibu na palipovunjika. Nyufa ndogo zisizoonekana huwa zimeshasambaa hapo.

Tupa kuukuu nazo huvutia, na zina kaboni zaidi, karibu asilimia moja au kuipita. Hizo ziwekee visu na vikwangulio. Chuma chenye kaboni nyingi hivyo kikipigwa nyundo kichwani bila kurekebishwa sawasawa, kinaweza kuruka vipande.

Kama umeokota kipande na hujui asili yake, kiguse kwenye jiwe la kusagia la umeme, mahali penye kivuli, utazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka, yenye kupasuka mara chache tu. Kaboni ikiongezeka, mistari hufupika na kupasuka matawi kwa matawi karibu zaidi na jiwe; tupa kuukuu hutoa kichaka kizima cha vinyota. Chuma cha kusubu, kile cha vizuizi vya breki na sufuria nzito, hutoa cheche fupi nyekundu. Shaba na aluminiamu hazitoi kitu, na aluminiamu usiisage kwenye jiwe hilo kabisa, kwa kuwa hulainika, huziba vinyweleo vya jiwe na kulifanya lipate joto hata kupasuka. Njia ya uhakika ni kuwa na msumari na kipande cha tupa pembeni, ukalinganisha cheche za vitu viwili unavyovijua na za kile usichokijua.

Neno moja kuhusu chuma chakavu. Kipande cha reli ni fuawe nzuri, na ndiyo maana kila mtu anakitaka, na ndiyo maana reli zinaibwa. Mwezi Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara nzima ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu kung'oa vyuma vya nguzo za umeme na miundombinu mingine. Ukiletewa reli, kifuniko cha mtaro au kona ya mnara wa umeme kwa bei ya kutupa, mwambie aliyekuletea aondoke nacho. Kwa fuawe ya kuanzia, tafuta kichwa cha nyundo kubwa ya kilo sita au zaidi, ukizamishe kwenye gogo la mti mgumu mpaka nusu, uso mmoja ukiangalia juu. Eneo ni dogo, lakini uzito wote uko chini ya pigo lako, na kwa kazi ya ukubwa wa tindo unazidi hata kipande chembamba cha reli.

Sasa moto. Rimu ya gari, iliyosiribwa ndani kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na majivu, ikaachwa ikauke taratibu kwa wiki moja au mbili, ni tanuri tosha. Upepo uingie kwa chini kupitia bomba la chuma, ukisukumwa na feni ndogo au mashine ya kukaushia nywele. Ijaribu rimu kwa sumaku kwanza. Rimu za aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, na mkaa wenye upepo hupita joto hilo bila jasho. Weka kizibo kidogo kwenye bomba ili uweze kuupunguza upepo. Kosa la wanaoanza ni kupuliza kwa nguvu muda wote, mkaa ukaisha na chuma kikaungua kabla hakijaiva ndani. Kuhusu upepo, wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, walikuwa mbali sana: Peter Schmidt na Donald Avery, walioandika mwaka 1978 kuhusu tanuri zao za kuyeyushia chuma, walieleza jinsi mabomba ya udongo ya kupitishia upepo yalivyoingizwa ndani kabisa ya tanuri, hata upepo ukapata joto kabla ya kuufikia moto. Wewe huyeyushi mawe ya chuma, kwa hiyo kizibo kitakutosha.

Bomba hilo la upepo lisiwe la mabati, wala usitie motoni kitu chochote kilichopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 na kutoa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa chache baadaye unapata homa, kutetemeka na maumivu ya viungo, na hapa kwetu mtu ataishia kupima malaria bure. Maziwa ambayo wachomeleaji wengi hunywa kama kinga hayaingii mapafuni. Yanayosaidia ni hewa ya kutosha na kuondoa zinki kabla, kwa mfano kwa kulowesha kipande ndani ya siki mpaka mapovu yaishe. Tanuri lenyewe likae nje au chini ya paa lisilo na kuta, kwani mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na kibanda kilichofungwa kinaweza kumlaza mtu asiamke.

Kata nusu mzunguko wa springi, uipashe mpaka iwe na rangi ya chungwa, kisha uinyooshe juu ya fuawe kwa mapigo ya wastani. Rangi ndiyo saa yako. Ikishashuka na kuwa nyekundu iliyofifia, acha kupiga na urudishe motoni. Chuma cha springi kinachopigwa kikiwa kimepoa hupata nyufa. Na kikipitiliza, kikaanza kurusha cheche chenyewe kutoka motoni, kimeungua. Sehemu hiyo haiponi. Ikate uitupe. Ukishanyoosha, fua ncha upande mmoja na mwingine mpaka iwe bapa inayopungua unene kwa urefu wa sentimita nne au tano, lakini usiifikishe kwenye makali: iache na unene wa milimita mbili au tatu. Makali membamba huungua kwanza wakati wa kutia ugumu.

Usifanye kazi hii jua la saa sita. Mwanga mkali huficha wekundu, nawe utazidisha joto ukidhani chuma bado. Jioni, au chini ya kivuli kizito, rangi zinasema kweli.

Kufua kunakiacha chuma kikiwa na misukosuko ndani. Kipashe mpaka sumaku isikinase, ukiache kipoe hewani mpaka wekundu uishe wote, ufanye hivyo mara tatu. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770 hivi, kwa hiyo sumaku iliyofungwa kwenye waya mrefu ni kipimajoto cha bei rahisi kuliko vyote. Mara ya mwisho, badala ya kukiacha hewani, kifukie katikati ya ndoo ya majivu makavu kikiwa bado chekundu, ukalale. Kitapoa polepole, na asubuhi utakuta chuma ambacho msumeno na tupa vinakikubali. Anayeruka hatua hii ataua nyembe tatu za msumeno na kulaumu duka.

Hapa ndipo jiliwa, au vaisi kama mafundi wengi wanavyosema, linapoingia. Nunua zito kuliko unavyodhani unahitaji, na ulifunge kwa boliti juu ya mguu wa meza, si katikati ya ubao unaotetema. Urefu wake upimwe hivi: simama wima, kunja mkono, sehemu ya juu ya taya iwe sawa na kiwiko chako. Likiwa chini zaidi utainama na tupa itabembea. Likiwa juu, mabega yatachoka mapema. Kwa kazi zilizokwisha kusafishwa, vika taya vipande viwili vya kona ya aluminiamu ili zisiache alama.

Msumeno wa chuma una adabu yake. Meno yaelekee mbele, mbali na mpini, kwa sababu unakata ukisukuma. Wembe wa meno 18 kwa inchi unafaa vitu vinene, wa 24 kwa kazi nyingi za kawaida, na wa 32 kwa mabomba membamba na bati. Kanuni ni kwamba angalau meno matatu yawe yanakigusa chuma wakati wote. Yakipungua, ukingo unanaswa kati ya jino na jino na meno yanang'oka. Bati jembamba libane katikati ya mbao mbili na ukate vyote kwa pamoja. Mwendo wa mara 40 hadi 60 kwa dakika unatosha, kwa urefu wote wa wembe. Wenye haraka hutumia sentimita kumi za katikati tu, wakazichosha, wakatupa wembe ambao sehemu yake kubwa ni mpya.

Kwenye tupa nitakaa kidogo, maana ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Tupa mbili zinatosha kuanzia: moja ya bapa, ya milimita 250, yenye meno makubwa kiasi, na nyingine ya 200 yenye meno laini ya kumalizia. Kila moja iwe na mpini. Tupa huuzwa na mkia mtupu wenye ncha, na siku itakapokwama ghafla kwenye kona, mkia huo utaingia kiganjani. Mpini wa mti wa mpera au mwarobaini unauchonga mwenyewe kwa nusu saa.

Simama mguu wa kushoto mbele kama wewe ni wa mkono wa kulia. Mkono mmoja kwenye mpini, kiganja cha mwingine kwenye ncha. Sukuma kwa mwili, si kwa kiwiko, na ukirudi nyuma ondoa uzito, kwa sababu meno hukata upande mmoja tu na kuyaburuta kinyume ni kuyang'oa. Kinachowashinda wengi ni ubapa. Mwanzoni mwa kusukuma, ncha ya tupa ndiyo fupi na mpini ndio mrefu. Mwishoni mambo yanageuka. Ukibonyeza mikono yote kwa nguvu zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, tupa inabembea na uso wa kazi unatoka na tumbo katikati. Uzito uanze kwenye mkono wa mbele, uhamie taratibu kwenye wa nyuma. Hakuna namna ya kulielewa hili kwa kusoma. Chukua kipande cha flatibaa kisicho na kazi, ukikwaruze mpaka skwea ikikaa juu yake na ukikiinua dhidi ya mwanga, usione mwanga unapita chini. Utatoka jasho.

Badilisha mwelekeo kila baada ya mapigo machache, mikwaruzo ikatane kwa mshazari. Mikwaruzo mipya itakuonyesha palipo juu na palipo chini, bila kipimo. Paka chaki kwenye meno kabla ya kumalizia, ili vumbi la chuma lisigande na kuchora mifereji kwenye uso uliokwisha kulainika. Usipapase kazi kwa kiganja: mafuta ya ngozi hufanya tupa iteleze. Vumbi litoe kwa brashi, wala usilipulize, maana litarudi machoni. Na jambo linaloua tupa mpya kuliko yote ni magamba meusi yanayobaki juu ya chuma kilichotoka motoni. Magamba hayo ni magumu sana. Yasage kwanza kwa jiwe, au lowesha kipande kwenye siki usiku kucha, uyafute asubuhi, ndipo tupa iguse. Ukimaliza, tundika tupa ukutani kila moja na msumari wake. Zikirundikwa kwenye droo zinakulana meno.

Tindo halina tundu, lakini kazi yako ya pili itakuwa nalo, kwa hiyo niseme machache kuhusu kutoboa. Gonga alama kwa panchi kwanza, la sivyo biti itatangatanga. Kasi ya mashine kwa chuma laini na biti ya kawaida utaikadiria kwa kugawa 8,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita: biti ya 10 inataka mizunguko 800 kwa dakika, ya 5 karibu 1,600. Drili nyingi za mkononi zinakwenda mbio kuliko hapo kwa biti kubwa, ndiyo maana biti zinabadilika kuwa bluu na kufa. Tia mafuta kidogo kwenye chuma, mafuta ya taa kwenye aluminiamu, na chuma cha kusubu kitoboe kikavu. Chuma kisichoshika kutu kinataka kasi ndogo na mgandamizo usiolegea. Ukiiacha biti isugue bila kukata, uso unakuwa mgumu na biti haitaingia tena. Bana kazi kwa jiliwa au klampu, hasa bati, kwani biti inapotokea upande wa pili hunasa na kuizungusha kazi nzima. Glavu ni za motoni. Karibu na drili inayozunguka zivue, maana kitambaa kikinaswa kinavuta na vidole.

Ukitaka kukata hesi ndani ya tundu kwa tapu, toa hatua ya hesi kwenye kipenyo cha boliti na utapata biti ya kutobolea: M6 yenye hatua ya milimita 1 inataka tundu la 5, M8 yenye 1.25 inataka 6.8, M10 yenye 1.5 inataka 8.5. Zungusha mbele nusu mzunguko, rudi nyuma robo ili makapi yakatike, tia mafuta, endelea. Tapu ikivunjikia ndani, mara nyingi kazi imekwisha, kwa sababu yenyewe ni ngumu kuliko biti yako.

Turudi kwenye tindo. Limekatwa kwa urefu wa sentimita 18 hivi, ncha imepigwa tupa ikawa safi, kichwa kimepunguzwa kingo zake. Sasa kulitia ugumu. Tafuta chombo cha chuma chenye kifuniko, ukijaze lita nne au tano za mafuta ya kupikia, ya alizeti au ya pamba, uyapashe kwa kuchovya kipande cha chuma cha moto mpaka yafike nyuzi 50 au 60. Mafuta ya uvuguvugu hupoza haraka kuliko ya baridi kwa kuwa ni mepesi na hayagandi kuzunguka chuma. Mafuta machafu ya injini, ambayo kila mtu atakushauri uyatumie, yana moshi usiopaswa kuuvuta. Na maji usiyaguse kwa springi: hupoza kwa ukali mno, na mara nyingi utasikia mlio mdogo, "ti!", ambao maana yake ni ufa.

Pasha sentimita nne za ncha tu, polepole, mpaka sumaku iache kuinasa, kisha subiri ipande kidogo tena, ifike rangi iliyo angavu hatua moja zaidi. Chovya wima, ukipandisha na kushusha kidogo ili mpaka kati ya sehemu ngumu na laini usiwe mstari mmoja mkali. Usikoroge kushoto na kulia, tindo litapinda. Mafuta yakishika moto juu, rudisha kifuniko ukae kando. Maji juu ya mafuta yanayowaka yatayarusha usoni mwako.

Likipoa, jaribu ncha kwa tupa kuukuu. Ikiteleza kwa sauti ya kioo bila kuuma, umefaulu. Ikiuma, joto halikufika, au chuma si ulichodhani. Katika hali hii tindo ni gumu na kavu. Likianguka sakafuni linaweza kuvunjika. Usiliache mpaka kesho.

Kulipunguzia ukavu ndiko kuzuri kuliko kazi zote za chuma, na hakuna haja ya kuharakisha. Ng'arisha ncha kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe. Pasha kipande kinene cha chuma chochote mpaka kiwe chekundu, ukiweke juu ya matofali, kisha ulaze tindo juu yake kwa sehemu ya kiwiliwili, ncha ikining'inia nje. Joto litatembea ndani ya chuma kuelekea kwenye makali, na mbele yake zitatangulia rangi. Njano hafifu huonekana kwenye nyuzi 220 hivi, njano iliyokolea 240, kahawia karibu 255, zambarau 275 hadi 280, bluu karibu 300. Ni utando mwembamba wa oksidi unaonenepa kadiri joto linavyopanda. Kwa kisu ungesimama kwenye njano. Kwa tindo la springi, subiri zambarau iliyoanza kugeuka bluu ifike kwenye makali yenyewe, uchukue kwa koleo na uchovye majini. Rangi zikikimbia haraka mno, ondoa tindo kwenye kipande cha moto, liache lipumue, lirudishe. Safisha na urudie mara ya pili, haidhuru kitu. Kichwa hakikutiwa ugumu na kisitiwe kamwe, kwa sababu kinapokea nyundo, na vyuma viwili vigumu vikigongana hurusha vipande.

Makali yanolewe kwa pembe ya nyuzi 60 ikiwa utakata chuma, 50 kwa shaba, na ndogo zaidi kwa aluminiamu. Unaponoa kwenye jiwe la umeme, chovya majini kila sekunde chache. Bluu ikitokea hapo kwenye jiwe, ugumu wa sehemu hiyo umeondoka. Saga mpaka uipite.

Najua wengi mtanunua grinda hata hivyo. Basi someni kilichoandikwa juu ya diski. Ya milimita 115 kwa kawaida inavumilia mizunguko 13,300 kwa dakika; ya 230 karibu 6,600. Anayeng'oa kinga ili kufunga diski kubwa kwenye mashine ndogo anaizungusha karibu mara mbili ya uwezo wake, na inapopasuka iko usawa wa shingo. Kwenye pete ya chuma katikati ya diski kuna tarehe ya mwisho ya matumizi. Gundi inayoshika chembe huzeeka, hasa kwenye unyevu wa pwani. Diski nyembamba ya kukatia haitumiki kusagia kwa ubavu. Na siku mashine ya kuchomelea itakapofika, iwe na kioo cha namba 10 au 11, kwa kuwa miwani ya jua haizuii mwanga unaochoma macho, na pipa lililowahi kuwa na petroli lisikatwe wala kuchomelewa, hata kama limekaa wazi mwaka mzima.

Lijaribu tindo kwenye flatibaa ya milimita tatu iliyobanwa kwenye jiliwa, mstari wa kukata ukiwa sawa na juu ya taya. Lilaze kidogo, makali yakiegemea taya, ukate kwa kukwangua pembeni kama mkasi, na macho yawe kwenye makali, si kwenye kichwa. Nyundo itakijua kichwa chenyewe. Vaa miwani. Makali yakimeguka, ukavu umebaki mwingi: ng'arisha, rudisha kwenye kipande cha moto, fika bluu kamili, noa tena. Yakipinda, ugumu haukutosha au zambarau ilipita mbali, na dawa ni kurudi motoni tangu hatua ya sumaku. Baada ya wiki kadhaa za kazi, kichwa kitaanza kufunguka na kuota kingo zilizopinda nje. Kingo hizo hukatika na kuruka kwa kasi ya risasi, kwa hiyo kila zinapojitokeza zisage au zipige tupa mpaka kichwa kirudi kuwa safi, ndipo upige tena.